Sifuri Yako Iko Wapi? Kurekebisha Vimo vya Ardhi Kwenye Michoro ya Majengo ya Lamu

Siku hizi msanifu aliyepewa kazi ya kuchora nyumba Shela, Matondoni au ng'ambo ya Manda hangoji mpima ardhi ndipo aanze. Anapakua data ya bure ya setilaiti, anaiingiza kwenye Revit, ArchiCAD au SketchUp, na kabla chai haijapoa kiwanja kiko mbele yake kwenye kioo. Taabu ni kwamba kiwanja hicho mara nyingi hakiko mahali pake. Kimezama mita 30 chini ya sakafu aliyoichora, au kinaelea juu ya paa, au kimelala bapa bila mwinuko wowote, au katikati yake pana shimo lisiloonekana mwisho. Wengi wetu tukiona hivyo huikamata ardhi kwa kipanya, tukaivuta juu au chini mpaka macho yaridhike, kisha tukaendelea na kazi.

Nawaomba wenzangu wa fani hii, pamoja na vijana wanaokuja Lamu kwa mafunzo ya kazi, waiache tabia hiyo. Ardhi ikivutwa kwa macho, kosa haliondoki. Linafichika tu, na litaibuka siku ya kuchimba msingi, wakati mawe na chokaa vimeshanunuliwa na kuvushwa kwa jahazi.

Ingekuwa Nyeri au Kericho, kosa la mita moja lingemgharimu mwenye nyumba ngazi sita za ziada. Lamu hesabu ni nyingine. Visiwa hivi viko chini. Sehemu kubwa ya ardhi inayojengwa iko mita chache tu juu ya maji, na wakati wa bamvua bahari yenyewe hupanda au kushuka karibu mita 3 kwa muda wa saa sita. Mita moja hapa ndiyo inayoamua kama shimo la choo litabaki kavu au litaingiwa na maji ya chumvi kila mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Ndiyo inayoamua kama mtaro utateremsha maji ya mvua pwani au utayarudisha uani kwa jirani. Na ndani ya Mji Mkongwe, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, urefu wa jengo jipya hutazamwa kwa kulinganishwa na nyumba zilizolizunguka. Ukipeleka mchoro ambao ardhi yake imekosewa kwa mita mbili, wanaokuidhinishia wataamua juu ya picha isiyo ya kweli, na jirani atakayezibiwa upepo wa kaskazi na kusi hatakuwa na la kufanya.

Swali la kwanza basi, kabla hujagusa kitufe chochote, ni hili: sifuri ya faili hili iko wapi?

Kila kimo ni umbali kutoka kwenye sifuri fulani, na pwani yetu ina sifuri kadhaa zinazotumika kwa pamoja. Ya kwanza ni elipsoidi, yaani umbo la dunia lililosawazishwa kwa hesabu, ambalo setilaiti za GPS hulitumia kupimia. Ya pili ni usawa wa wastani wa bahari, ambao ndio msingi wa vimo vya ramani za nchi kavu. Ya tatu ni sifuri ya ramani za majini: kiwango cha chini kabisa, au karibu yake, ambacho maji yakipwa hufika. Jedwali la maji kupwa na kujaa huhesabu kutoka hapo, na kwa kawaida michoro ya magati na bandari nayo hivyo hivyo. Ya nne ni ile ya fundi, sakafu iliyoandikwa 0.00 kwenye mchoro. Programu ya kompyuta haijui faili lako limetumia ipi kati ya hizo. Na haiulizi. Inapokea namba 4.6 na kuiweka 4.6.

Tofauti kati ya sifuri ya kwanza na ya pili ndiyo inayowapoteza wengi Lamu, kwa sababu kwetu ni kubwa. Uvutano wa dunia haulingani kila mahali, kwa hiyo uso wa bahari nao haufuati elipsoidi sawasawa. Bahari ya Hindi ina bonde kubwa la namna hiyo. Kusini mwa India na Sri Lanka uso wa bahari uko zaidi ya mita 100 chini ya elipsoidi, na pwani ya Kenya imo kwenye mteremko wa bonde hilo, kiasi cha mita 30 chini. Ndiyo maana ukisimama juu ya gati la Lamu, miguu yako mikavu, chombo cha GPS chaweza kukuambia uko mita ishirini na kitu chini ya bahari. Chombo hakijaharibika. Kimepima kutoka kwenye sifuri yake. Simu nyingi za Android hufanya hivyo hivyo, na droni za upimaji nyingi pia huandika vimo vya elipsoidi usipoziagiza vingine.

Kurekebisha kosa hili ni hesabu ya mstari mmoja. Chukua kimo cha elipsoidi, toa tofauti ya mahali hapo kama inavyotolewa na modeli ya uvutano, EGM96 au EGM2008, na utapata kimo cha juu ya bahari. Kwa mfano tu: chombo kimesoma hasi 24.6, na modeli inakupa hasi 29.0 kwa mahali hapo. Hasi 24.6 ukitoa hasi 29.0 ni 4.4. Ndicho kimo chako. Angalia alama za hasi kwa makini, kwa kuwa mtu akijumlisha badala ya kutoa anapata hasi 53.6, na kiwanja kinazama maradufu. Thamani halisi ya mahali ulipo usiikisie wala usiichukue kwenye makala haya. QGIS, programu ya bure ya ramani, huweza kukupa kwa nukta yoyote ukishaiwekea faili la modeli hiyo.

Nimezoea kulitambua kosa kwa ukubwa wake kabla ya kulitafuta ndani ya faili, na nakushauri ufanye vivyo. Ardhi yote ikiwa chini kwa mita 30 hivi, ni elipsoidi. Ikiwa chini kwa karibu 60, mtu amekosea alama ya hasi. Ikipishana kwa mita moja na nusu hadi mbili, na kuna mchoro wa gati au wa bandari uliotumika, shuku sifuri ya ramani za majini. Shauku ya ujenzi upande wa Mokowe na Hindi imeongezeka tangu gati la kwanza la bandari mpya lilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na michoro ya aina mbili hukutana mezani: ya watu wa majini na ya watu wa nchi kavu. Vimo vikiwa vikubwa mara tatu na zaidi kuliko inavyotarajiwa, ni futi zilizosomwa kama mita. Zidisha kwa 0.3048. Ardhi ikiwa bapa kabisa, lakini ukiikuza sana unaona ina mikunjo midogo, namba za mita zimesomwa kama milimita: kilima cha mita 4.6 kimekuwa milimita 4.6. Na penye shimo la kilomita 32 kwenda chini, hapo hapakuwa na data kabisa. Mafaili mengi huandika hasi 32768 au hasi 9999 kuashiria "sina habari", nayo programu ya usanifu huipokea namba hiyo kama kimo halali. Lamu hutokea sana kwa sababu kiwanja kikikaribia maji, ukingo wa data ya nchi kavu umo ndani ya fremu yako. Ondoa nukta hizo kwenye QGIS kabla ya kuingiza faili. Usijaribu kuziziba ndani ya Revit moja moja.

Kosa la ulalo nalo huzaa kosa la kimo. Ramani za zamani za Kenya na hati nyingi za upimaji zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali setilaiti hutumia WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo miwili bila kubadilisha, mahali pale pale panapishana kwa kiasi cha mita 300 kaskazini na kusini, na kama mita 100 mashariki na magharibi. Mita 300 Shela zinatosha kukutoa kwenye kiwanja tambarare na kukupandisha kwenye vilima vya mchanga, au kukutosa baharini. Utahangaika na vimo siku nzima kumbe vimo ni sahihi, ila ni vya mahali pengine. Lamu imo katika ukanda wa UTM 37 Kusini. Hakikisha faili linasema hivyo, na hakikisha linataja mfumo gani. Hati za viwanja za zamani zaidi hutumia mfumo wa Cassini, na baadhi yake ziko kwa futi. Hizo mpelekee mpima ardhi aliyesajiliwa azibadilishe.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo hakuna hesabu ya sifuri itakayolitibu.

Data za bure tunazozitumia hazikuipima ardhi. Zilipima kile kilichoonekana kutoka juu. Data ya SRTM ilipigwa kwa rada kutoka kwenye chombo cha angani Endeavour mnamo Februari 2000, kwa siku 11, na mpaka leo ndiyo inayotumika kwenye kazi nyingi. Data ya Copernicus ni mpya zaidi, imetokana na setilaiti za rada za Kijerumani za kati ya 2011 na 2015, nayo ni bora. Lakini zote mbili huchanganya ardhi na vilivyo juu yake, na kila pikseli ina upana wa mita 30 hivi. Hebu fikiria maana yake kwa Lamu. Kaunti hii ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Penye mikoko, rada husoma karibu na vilele vya miti, kwa hiyo ukingo wa hori la Manda unakuja kwenye kompyuta kama genge lenye urefu wa mita kadhaa. Msanifu asiyejua pwani anaona mwinuko mzuri wenye mandhari ya bahari, anauweka upande ule ukumbi wa kupumzikia. Mahali penyewe ni tope linalofunikwa na maji kila yanapojaa.

Mji Mkongwe una shida yake. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani vingine punda wawili hawapishani kwa raha. Pikseli moja ya mita 30 inameza nyumba kadhaa, nyua zake, vichochoro na mapaa, kisha inatoa namba moja. Namba hiyo si ya ardhi wala si ya paa. Kwa hiyo mji wote unajitokeza kama tuta, na sehemu ya chini ya pwani inaonekana imeinuka kuliko ilivyo. Ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji wakati huo. Majumba na barabara ya pwani yaliyo mbele yake leo yamekaa juu ya ardhi iliyojazwa baadaye. Hapo ndipo pa kuogopa zaidi maji yanapojaa, na ndipo data ya setilaiti inapodanganya zaidi.

Shela ni mchanga. Vilima vyake, ambavyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji, huhama na upepo, na vimo vya mwaka 2000 haviwezi kuaminiwa kwa nyumba ya leo. Na kabla hujauliza kimo, uliza kama unaruhusiwa kuchimba hapo, maana kisima cha mji mzima kimo chini ya miguu yako.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wametengeneza data iitwayo FABDEM kwa kuondoa miti na majengo kwenye ile ya Copernicus. Inasaidia sana kwenye mikoko, ingawa leseni yake ya bure haikubali kazi za biashara. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 hazitakuokoa pia: kontua zake huenda kwa hatua za futi 50 au mita 20, na sehemu kubwa ya visiwa hivi haifiki hata kontua ya kwanza. Jambo moja nalisema kwa msisitizo kwa sababu naliona kila mara kwenye michoro iliyopambwa vizuri. Kontua za nusu mita zilizotolewa kwenye data ya pikseli za mita 30 si habari. Kompyuta imezigawa katikati ya namba mbili ambazo zenyewe hazina uhakika wa mita kadhaa. SRTM huandika mita kamili kamili, na ndiyo maana ardhi tambarare ya Lamu huja imekatika vidaraja vidaraja. Data hizi zitumie kwa mandhari ya mbali, kuonyesha kisiwa, vilima na hori. Kiwanja chenyewe kipime.

Kupima kiwanja cha nyumba ya kawaida si gharama ya kumtisha mtu, na hapa Lamu tuna msaidizi ambaye wenzetu wa bara hawana. Bahari ni kipimo cha usawa kilicho wazi kwa kila mtu.

Ikiwa ipo alama ya upimaji yenye kimo kinachojulikana karibu nawe, anza na hiyo. Mpima ardhi aliyesajiliwa atakutafutia kwenye kumbukumbu za Survey of Kenya. Isipokuwepo, au ukitaka kuihakiki, fanya hivi. Chagua asubuhi tulivu, si wakati wa kusi kali. Nenda kwenye ngazi za gati au ukuta wa pwani uliojikinga na mawimbi. Subiri maji yafike mwisho wa kujaa, zile dakika ambazo maji husimama kabla ya kugeuka. Piga alama kwenye ukuta pale uso wa maji ulipo, kati ya kilele cha kiwimbi na bonde lake, na uandike saa. Kisha tazama jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari kwa Lamu siku hiyo: litakupa urefu wa maji juu ya sifuri ya ramani za majini. Ukiondoa kimo cha wastani wa bahari juu ya sifuri hiyo, unapata kimo cha alama yako juu ya usawa wa wastani wa bahari. Rudia kwa siku kadhaa, bamvua na maji mafu, uchukue wastani, kwa sababu upepo na hali ya hewa husukuma maji. Hutapata sentimita kwa njia hii. Utapata uhakika wa kiasi cha sentimita kumi au ishirini, na huo unatosha kulinasa kosa la mita mbili, achilia mbali la mita 30.

Waulize na manahodha na wazee wanaokaa barazani pwani maji ya bamvua kubwa za Machi na Septemba hufika wapi. Watakuonyesha jiwe, ngazi au mlango. Jiwe hilo lipime na kimo chake ukiandike. Mstari huo ukiingia kwenye mchoro wako una thamani kuliko kontua zote ulizopakua, kwa kuwa unaonyesha moja kwa moja usichoweza kujenga chini yake bila kujikinga.

Kutoka alama ya pwani mpaka kiwanjani, kimo hupandishwa kwa mashine ya levo na fimbo yake. Lakini kwenye vichochoro vya Lamu mashine haioni mbali. Kila hatua chache pana kona au kuta zilizobanana. Hapo mpira wa maji wa fundi hauna mshindani. Ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita 20 au 30, uliojazwa maji, ncha zote mbili wazi. Mtu mmoja anashika ncha kwenye alama inayojulikana, mwingine anazunguka kona na ncha ya pili, na maji yakitulia wanapiga mstari ukutani. Hauhitaji kuona upande wa pili. Masharti yake ni machache na hayana msamaha: pasiwe na povu la hewa ndani, mpira usikunjwe wala kukanyagwa, na nusu yake isilale juani huku nusu nyingine iko kivulini kwa muda mrefu, kwani maji ya moto huwa mepesi na ncha mbili hazitalingana. Mkifika kiwanjani, rudini kwa njia nyingine mpaka alama ya mwanzo. Namba ya kurudi ikipishana na ya kwenda kwa zaidi ya sentimita mbili au tatu, pimeni tena.

Kiwanjani pigilia alama ya kudumu: msumari wa chuma kwenye zege, au pembe ya ngazi ya mawe ambayo haitavunjwa wakati wa ujenzi. Hiyo ndiyo sifuri yako ya kazi. Pima kutoka hapo kona za kiwanja, kizingiti cha kila jirani, kina cha mtaro, na kila mahali ardhi inapovunjika ghafla. Nukta arobaini zilizochaguliwa kwa akili zinaishinda droni kwenye kiwanja cha mji. Droni ni nzuri kwa eneo wazi la Manda au Kipungani, mradi uwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uweke alama za chini zilizopimwa kwa levo ili vimo vyake vivutwe kwenye sifuri sahihi.

Ukirudi kwenye kompyuta, fungua faili la nukta kwanza kwa programu ya maandishi ya kawaida ulisome kwa macho. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi: 711204.35, 9748962.10, 4.62. Namba ya kwanza ni mashariki, ya pili kaskazini, ya tatu kimo. Ukikuta ya kaskazini imetangulia, programu itakizungusha kiwanja bila kukuambia. Ukikuta koma imetumika badala ya nukta ya desimali, safu zitavurugika na 4,62 itakuwa 4 na 62. Ikiwa umepewa kontua za AutoCAD, bofya mstari mmoja mmoja uone kimo chake. Mara nyingi mistari yote iko kwenye sifuri, na kimo kimeandikwa pembeni kama maandishi tu; macho ya mtu yanasoma 5.0, programu inaona 0. Hakuna njia ya mkato hapo: kila mstari upewe kimo chake kabla haujaingizwa.

Kisha ile namba 9748962. Imehesabiwa kuanzia mita 10,000,000 kwenye ikweta kwenda chini, na programu za usanifu majengo hazikutengenezwa kwa umbali kama huo. Revit hutaka jengo likae ndani ya kilomita 16 hivi kutoka kiini chake cha ndani. Ukivuka hapo, mistari huanza kutetemeka, vipimo vinakataa kushikana, uso wa ardhi unachanika. SketchUp nayo hukata sehemu za picha. Kwa hiyo chagua ile alama yako ya msumari, andika viwianishi vyake kamili mahali salama, kisha toa thamani zake za mashariki na kaskazini kwenye nukta zote. Kimo kiache kama kilivyo. Jengo litakaa karibu na kiini, na kwenye Revit utaiambia nukta ya upimaji kwamba msumari ule, katika dunia halisi, uko 711204 kwa 9748962, kimo 4.62. Unapoingiza faili la AutoCAD usiikubali njia ya kuoanisha katikati kwa katikati. Inapuuza viwianishi vyote ulivyohangaika navyo.

Kuna mitego miwili ya Revit ambayo hufanya watu warekebishe kisichoharibika. Sakafu zina mpangilio unaoamua kama namba zake zinahesabiwa kutoka nukta ya mradi au nukta ya upimaji. Sakafu ile ile yaweza kuandikwa 0.00 kwa mpangilio mmoja na 5.10 kwa mwingine, na jengo halijasogea hata nywele. Tazama mpangilio huo kabla ya kusogeza chochote. Wa pili: tangu toleo la 2024, ardhi huchorwa kama kitu chenye unene, kilichofungwa kwenye sakafu fulani pamoja na nyongeza ya kimo. Mwenzako akiisogeza sakafu ile kwa sababu ya dari, ardhi inakwenda nayo. Ifunge kwenye sakafu iliyowekwa kwa ajili ya ardhi peke yake, uipe jina linaloeleweka, na uizuie isiguswe.

Ardhi ikishakaa, ihakiki kwa nukta ambazo hukuzitumia kuijenga. Acha nukta tano au sita za upimaji kando tangu mwanzo. Ukimaliza, soma kimo cha modeli kwenye kila moja na ulinganishe. Zikipishana zote kwa kiasi kimoja, sifuri yako imekosewa: sogeza ardhi yote kwa kiasi hicho, na uandike ulichofanya. Zikipishana kwa uwiano, ni kipimo, futi au mita. Zikipishana ovyo, data yenyewe haifai, na hakuna kusogeza kutakakoiponya. Kisha kata mchoro wa wima kutoka kiwanjani mpaka majini, uchore juu yake mistari mitatu: wastani wa bahari, maji ya bamvua kubwa, na sakafu ya nyumba. Mwenye nyumba ambaye hajawahi kugusa kompyuta ataelewa mchoro huo mara moja, na akiwa mzaliwa wa Lamu atakuambia kama umekosea.

Kwenye kila karatasi inayotoka ofisini kwako, andika kwa maneno: vimo vimepimwa kutoka sifuri gani, alama iko wapi, kimo chake ni kiasi gani, imepimwa lini. Sentensi moja inatosha. Na kabla hujatoa mchoro wa msingi, mtumie fundi picha ya ule msumari pamoja na namba yake, umwombe apime kwa mpira wake kutoka hapo mpaka kona nne za kiwanja. Namba zake zikipishana na zako kwa zaidi ya sentimita tano, mwambie asichimbe, urudi kwenye faili.